Antena Juu ya Gari la Faiba: Mwongozo kwa Mwenye Gari wa Nakasero

Kabla hujatoboa chochote, jua antena unaitafutia redio gani. Gari la spoti la Kimarekani likifika Kampala mara nyingi huja na kinundu cheusi juu ya paa au kwenye buti, na mwenye gari huhangaika kutaka kujua kwa nini redio ya SiriusXM haitoi sauti. Haitatoa. Setilaiti zake zinahudumia Amerika ya Kaskazini, na hakuna fundi, busta wala antena ya bei mbaya itakayozifikisha hapa. Anayekuambia lete laki tano nikuunganishie, mwache aende zake.

Afrika iliwahi kuwa na redio yake ya setilaiti. WorldSpace, kampuni aliyoianzisha Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, mwaka 1990, ilirusha setilaiti ya AfriStar mwezi Oktoba 1998 na kuanza matangazo mwaka uliofuata. Setilaiti ilikaa juu ya Ikweta kwenye nyuzi 21 Mashariki, kwa hiyo Kampala ilikuwa karibu kabisa chini yake. Mwaka 2008 kampuni ilielemewa na madeni ikakimbilia ulinzi wa mahakama huko Marekani, na huduma ikafa. Kipokezi chake ukikiona leo katika vyombo vya mtumba, kinunue kama pambo tu.

Hata hivyo antena ya setilaiti bado ina kazi kwenye gari la Nakasero. Kuna traka ya GPS ambayo kampuni ya bima au benki iliyokukopesha inaitaka. Kuna ramani ya kwenye redio yenye kioo. Kuna simu ya setilaiti ya Thuraya au Iridium kwa anayesafiri kwenda Karamoja. Halafu kuna FM, ambayo haitoki angani, lakini ndiyo itakayokukera kila siku gari lako likiwa la faiba. Mafundi wetu wengi wamezoea magari ya bati kutoka Japani. Wakipata Corvette au Lotus hubandika antena pale pale ambapo wangeibandika kwenye Toyota, kisha hulaumu redio.

Bati lilikuwa na kazi gani

Ile fimbo ya antena unayoiona imesimama juu ya gari ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati lililo chini yake. Mawimbi hutaka uso wa chuma wa kusimamia, na ukubwa wa uso huo hutegemea urefu wa wimbi lenyewe. FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita tatu, na robo yake ni sentimita 75. Hicho ndicho kiasi cha bati ambacho fimbo hutamani kuwa nacho kila upande. GPS hutumia megahezi 1575, wimbi lake ni sentimita 19 tu. Ndiyo maana antena ya setilaiti hutosheka na kipande kidogo cha chuma, sentimita 10 hadi 15 kila upande, wakati FM inataka paa zima.

Faiba haina uso huo, ila haizuii mawimbi: yanapenya kama vile hakuna kitu. Waliotengeneza Corvette ya kwanza, mwaka 1953, walilijua hilo. Gari lilikuwa na bodi ya faiba, nao wakaizika antena ya redio ndani ya kifuniko cha buti, wavu wa waya uliofunikwa na resini, bila fimbo yoyote nje. Kwa hiyo usitafute antena kubwa zaidi. Tengeneza bati ambalo gari halina, na utumie nafasi ambayo mwenye gari la chuma hana: kuificha antena ndani.

Jua kwanza bodi yako ni ya nini

Sumaku peke yake itakudanganya, maana alumini haishiki sumaku lakini huzuia mawimbi kama bati jingine lolote. Gonga kwa kucha, kisha tafuta ukingo ambao haujapakwa rangi, chini ya zulia la buti au ndani ya tundu la taa, uguse kwa ncha mbili za mita ya umeme ikiwa kwenye kipimo cha ukinzani. Faiba haitaonyesha chochote. Alumini itaonyesha karibu sifuri. Kaboni, ile nyeusi yenye mfumo wa kusukwa, itaonyesha namba fulani, maana hupitisha umeme kwa kiasi chake. Piga msasa kidogo kwanza mahali pasipoonekana, kwa sababu resini ya juu huzuia ncha za mita zisiguse nyuzi.

Kaboni ni habari nyingine kabisa. Antena iliyowekwa chini ya boneti ya kaboni imefunikwa, na haitaona setilaiti. Wenye magari ya rally wamelizoea hili: gari la chuma huvishwa boneti au paa la kaboni ili lipungue uzito, na antena iliyokuwa ikifanya kazi jana inanyamaza leo. Kama paa lako ni la kaboni, weka antena nje au chini ya kioo.

Magari mengi ni mchanganyiko. Lotus Elise ina ngozi ya plastiki juu ya fremu ya alumini. Corvette nyingi zina fremu ya chuma chini ya faiba. Hata gari la watalii lenye paa la kuinuka, lile unaloliona limeegeshwa nje ya hoteli za Nakasero likisubiri wageni wa Bwindi, mara nyingi paa lake ni la faiba juu ya bodi ya bati. Dereva wake ana tatizo lako hilo hilo.

Anga la Kampala

Hapa tuna bahati ambayo watu wa Uingereza hawana. Tazama madishi ya DStv juu ya nyumba za Kampala: yamelala kama beseni zinazokinga mvua, kwa sababu setilaiti yao iko nyuzi 36 Mashariki na sisi tuko karibu na 33, juu ya Ikweta. Kwetu setilaiti zilizosimama eneo hili la dunia ziko juu ya utosi. AfriStar, kwa mfano, ilikuwa takriban digrii 76 juu ya upeo wa macho, ikielekea kidogo magharibi. Thuraya inayotuhudumia iko nyuzi 44 Mashariki, na iko juu vilevile, upande wa mashariki. Setilaiti za GPS na Iridium huzunguka, lakini kila saa kuna kadhaa zinazopita juu yako.

Kwa hiyo antena ya setilaiti ilazwe ikitazama juu. Usiisimamishe wima kwenye nguzo ya kioo na usiiweke nyuma ya bampa. Bango kubwa au ghorofa za Kampala Road haziisumbui sana ikiwa inatazama juu. Miti minene ya Nakasero ya juu, hasa ikiwa imelowa mvua, huisumbua zaidi. Unapoegesha chini ya miti hiyo usishangae traka ikikuonyesha uko mtaa wa pili. Na kama una rangi unayoipenda, usiegeshe hapo hata kidogo, kwa sababu ya kaloli, wale korongo wakubwa. Wale ndege hawana adabu, na kinyesi chao kikikauka juani kinakula rangi.

Mahali ninapopapendelea kwenye gari la faiba ni ndani ya paa, kati ya faiba na kitambaa cha dari. Jua haliioni, mwizi haioni, mvua haiifikii, na hakuna tundu lililotobolewa. Gari la paa la turubai halina nafasi hiyo. Tumia sehemu ya juu ya kifuniko cha buti kwa upande wa ndani, au juu ya dashibodi chini ya kioo. Kwenye dashibodi chunguza tinti kwanza. Tinti yenye chembe za chuma huzuia GPS, na wengi wetu tunapenda tinti nzito. Kioo cha mbele chenye nyaya za kuondoa ukungu nacho kina tabia hiyo hiyo. Epuka chini ya boneti: mawimbi yatapenya faiba, lakini joto la injini litaipika antena na makelele ya umeme yataizamisha.

Kutengeneza bamba

Nenda Katwe. Mafundi wa bati pale watakukatia kipande cha alumini chenye unene wa milimita moja, sentimita 15 kwa 15, kwa bei ndogo, na wataviringisha pembe ukiomba. Omba. Pembe kali itachana kitambaa cha dari na kidole chako. Kama antena yako ina sumaku chini yake, chukua bati la chuma badala ya alumini, ulipake rangi pande zote mbili dhidi ya kutu. Rangi nyembamba haidhuru kitu, kwa sababu kwenye masafa haya antena haihitaji kugusana na chuma. Inahitaji chuma kiwe karibu, bapa, chini yake moja kwa moja. Wala huhitaji kuvuta waya wa ethi kutoka kwenye bamba hadi kwenye fremu.

Weka antena katikati ya bamba, si ukingoni. Shusha kitambaa cha dari upande mmoja tu, telezesha bamba antena ikiwa juu yake, na uvibandike kwenye faiba kwa resini au gundi inayovumilia joto. Ile gundi ya utepe wa pande mbili inayouzwa na vifaa vya simu hulegea juani. Gari lililoegeshwa mchana mzima nje ya kanisa la All Saints lina joto la kutosha kuidondosha. Mpangilio kuanzia juu uwe hivi: faiba, kisha antena ikitazama juu, kisha bamba. Ni rahisi kukosea na kuweka bamba juu. Ukifanya hivyo umejenga kifuniko.

Kebo nyembamba ya antena ya GPS hupoteza karibu desibeli moja kwa kila mita, na antena yenyewe hulishwa volti chache kupitia kebo hiyo hiyo. Kwa sababu hizo mbili usiikate ukaiunga kwa kusokota nyaya na kufunga nailoni. Ikiwa ndefu, ikunje kwa duara pana nyuma ya dashibodi. Ikiwa fupi, nunua kiungio chenye vichwa vyake.

Neno juu ya bamba la namba: serikali ilianza kufunga namba za kidijitali zenye uwezo wa kufuatiliwa mwishoni mwa mwaka 2023. Usiliguse hilo bamba, usilifungue, wala usipitishe kebo nyuma yake kwa sababu umeona ni chuma pekee kilichobaki kwenye bampa yako ya plastiki. Na kifaa chochote kinachotuma mawimbi, iwe simu ya setilaiti au redio ya mawasiliano, kiulizie kibali kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, Bugolobi, kabla ya kukifunga. Kupokea tu hakuna shida hiyo.

FM, mkorofi mwenyewe

Ukisimamisha fimbo ya FM juu ya faiba tupu, itapokea vituo vya Kampala hata hivyo, na hapo ndipo unapodanganyika. Milingoti iko Kololo, ng'ambo ya uwanja wa gofu tu. Kutoka Nakasero hata waya wa kuanikia nguo ungepokea Sanyu 88.2 na Capital 91.3. Mambo huharibika ukishapita Mukono.

Fimbo hii inataka chuma cha kweli. Njia inayofanya kazi ni kubandika tepu ya shaba chini ya faiba: vipande vinne, kila kimoja sentimita 75, vikitoka kwenye kitako cha antena kwenda pande nne. Nafasi ikikataa, vikunje kufuata ukingo. Si kamili, lakini ni bora kuliko kutokuwa navyo. Viunganishe kwenye kitako kwa risasi ya kulehemu. Nasema shaba kwa sababu alumini haikubali risasi, na gundi ya tepu ya alumini ya bei nafuu haipitishi umeme, hivyo vipande viwili vilivyolaliana vinaweza visiwe vimeunganika kabisa ingawa kwa macho vinaonekana kitu kimoja. Kisha toa ukanda mpana wa waya wa kusuka kutoka kwenye kitako hadi kwenye fremu ya chuma au alumini, mfupi iwezekanavyo. Kitako sharti kikwanguliwe hadi chuma kitupu. Hapa kugusana ni lazima, tofauti na lile bamba la setilaiti.

Kama hutaki taabu hiyo, nunua antena ya filamu ya kubandika kwenye kioo, ile yenye mikono miwili. Mikono hiyo ni nusu zote mbili za antena, hivyo haitegemei bodi. Usinunue iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Wajapani hutumia FM kuanzia megahezi 76, na redio zao za zamani huishia 90. Busta ya antena yao imekatwa kwa masafa hayo. Ukiifunga, utasikia CBS 88.8 vizuri na kituo cha megahezi 100 kwa shida, halafu utaanza kulaumu faiba bila kosa lake. Hiyo hiyo ndiyo sababu gari la Japani lenye redio yake ya asili huwekewa kibadilisha masafa. Kwenye gari la spoti lenye redio ya Marekani au Ulaya hukihitaji.

Ukiamua kutoboa

Ukishindwa kabisa kuiweka ndani, toboa kwa heshima. Faiba haitoboki safi kama bati, inachanika kuzunguka tundu, na ufa wa rangi ya juu huendelea kukua miezi mingi baadaye. Bandika utepe wa karatasi mahali pa tundu, pande zote mbili. Weka ubao nyuma ili ncha ising'oe vipande inapotokea. Anza na ncha nyembamba, zima kabisa mpigo wa nyundo kwenye drili, na panua polepole. Vaa barakoa na miwani. Vumbi la faiba huwasha ngozi na si la kuvutwa na mapafu. Tundu likikamilika, paka resini kwenye ukingo wa tundu ili maji yasinyonywe na nyuzi, halafu weka washa pana upande wa ndani. Kaza nati mpaka mpira ubonyee, basi. Fundi mwenye nguvu nyingi na spana ndefu ni hatari kwa faiba kuliko jiwe la barabara ya Gulu.

Silikoni iwe ile isiyotoa harufu kali ya siki, kwa sababu yenye harufu hiyo hula shaba. Rudia kuikagua mvua za Machi hadi Mei zikishapita. Tundu linalovuja kwenye gari la faiba huonekana kwanza kwenye zulia, wakati kebo imeshalowa.

Makelele ya injini

Boneti ya bati hufunika injini na kuzuia makelele yake ya umeme. Faiba haifanyi hivyo. Corvette za zamani zenye redio zilitoka kiwandani na vifuniko vya chuma juu ya kisambaza cheche, na wengi walivitupa wakati wa matengenezo wakidhani ni mapambo. Kama gari lako lina tundu za skrubu zisizo na kazi karibu na kisambaza cheche, jua kilichopotea.

Sikiliza sauti yenyewe. Mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta hutoka kwenye jenereta, yaani altaneta. Angalia ukanda wake wa ethi na chuja umeme unaoingia kwenye redio. Kutatarika kunakofuata mzunguko wa injini hutoka kwenye cheche: weka plagi na nyaya zenye ukinzani, na mtandao wa tepu ya shaba ndani ya boneti uliounganishwa na fremu. Ili kujua kelele inaingia kwa njia gani, chomoa antena nyuma ya redio. Ikinyamaza, inaingia kwa antena, na kazi yako iko chini ya boneti. Ikiendelea, inaingia kwa waya wa umeme, na utakuwa umeokoka kung'oa dari bure.

Jaribio

Traka na GPS zijaribu kwenye Yusuf Lule Road, kando ya uwanja wa gofu, ambako anga liko wazi. Ukiwasha mara ya kwanza ipe dakika kadhaa. Kisha pitia kwenye miti ya Nakasero, na mwisho uingie kwenye maegesho ya chini ya jengo, uone inavyopoteza na inavyorudi ukitoka.

FM usiijaribu mjini. Ukikaa karibu na Kololo, busta yako inaweza hata kukuharibia: mawimbi yana nguvu kupita kiasi, redio inalemewa, na kituo kimoja kinatokea mahali pa kingine. Hapo dawa ni kuondoa busta, si kuongeza nyingine. Toka kwa Jinja Road, chagua kituo kimoja cha Kampala, pita Mukono, pita Lugazi, ingia Mabira. Kumbuka kwamba baadhi ya vituo vina mitambo mingine mikoani kwa masafa tofauti, hivyo redio yenye kutafuta yenyewe inaweza kukuchanganya. Zima utafutaji. Andika mahali kilipoanza kukwaruza. Siku nyingine pita njia hiyo hiyo ukiwa umechomoa ule ukanda wa ethi kwenye kitako. Kama kituo kinakufa mahali pale pale, huenda ukanda huo haukuwa umeunganika, na unarudi chini ya faiba na mita ya umeme mkononi.